Mzigo Unasingiziwa

Spoki ya baiskeli ikikatika, wa kwanza kushtakiwa ni mzigo. "Ulipakia mno," atasema fundi kabla hata hajaligeuza gurudumu. Mwenye baiskeli naye hana la kujitetea, maana ni kweli jana yake alibeba magunia mawili ya mkaa na mdogo wake juu. Mshtakiwa wa pili ni barabara, na wa tatu ni kiwanda cha China au India kilichotoa chuma hicho. Kesi inaishia hapo. Spoki moja inanunuliwa, inachomekwa, safari inaendelea, na baada ya siku chache inakatika jirani yake.

Mimi namtetea mshtakiwa wa kwanza. Mzigo una makosa yake na tutayafikia, ila magurudumu mengi yanayoishia juu ya paa la banda la fundi hayakuuawa na gunia. Yaliuawa na ulegevu. Spoki zake zilianza kulegea miezi kadhaa kabla, moja moja, na hakuna aliyezigusa kwa sababu baiskeli ilikuwa bado inatembea.

Mfano wangu ni Tanga. Mji ule ni tambarare, mitaa ya Ngamiani imenyooka na inaitwa kwa namba, na baiskeli imeenea huko kuliko katika miji mingi ya Tanzania. Si chombo cha mtoto wala cha mnyonge peke yake. Mzee wa kanzu anaiendea msikitini, mwalimu shuleni, mama sokoni na kikapu chake. Samaki hutoka soko la Deep Sea wakiwa juu ya keria, na machungwa ya Muheza na madafu hutembezwa mitaani kwa namna hiyo hiyo. Ongeza hewa ya chumvi na reli ya zamani inayokatiza njia, utaona kuwa kila kinacholiua gurudumu kinapatikana ndani ya mji mmoja.

Baiskeli nyeusi ya inchi 28, ile ya Phoenix, ya Hero, au Raleigh aliyoiacha babu, kwa kawaida ina spoki 32 mbele na 40 nyuma. Spoki ni waya wa chuma, mara nyingi wenye unene wa milimita 2 na urefu wa karibu sentimita 30. Isimamishe mezani uikandamize kwa kidole: inapinda. Waya huo hauwezi kusimama chini ya uzito wa jogoo, sembuse mtu na gunia. Basi mzigo unabebwa na nini?

Unabebwa na mkazo. Spoki haikuumbwa kusimama, imeumbwa kuvutwa. Ni kazi ile ile ya kamba za kitanda cha kuwamba: kamba inavutwa kati ya mti na mti, mtu mzima na watoto wake wanalala juu yake bila wasiwasi, mpaka siku kamba zinapolegea na mgongo unakaribia sakafu. Hakuna anayesema siku hiyo kuwa mlalaji amekuwa mzito. Kitanda kinawambwa upya. Gurudumu nalo limewambwa. Likiwa limekazwa sawasawa, kila spoki yake inaweza kuwa inavuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 100, na hapo baiskeli imeegeshwa tu ukutani bila mtu. Zijumlishe spoki 40 uone ringi inavutwa kwa tani ngapi kuelekea kwenye habu. Mzigo wa kilo 80 unaowekwa juu ya keria ni mgeni mdogo katika nyumba hiyo.

Wazo hili halikuja siku moja. Baiskeli za miaka ya 1860 huko Ulaya zilikuwa na magurudumu ya mbao yaliyovikwa pete ya chuma, na Waingereza walizipa jina la kitikisa mifupa, kwa haki kabisa. Mwaka 1869 fundi wa Paris, Eugène Meyer, akaandikisha hataza ya gurudumu la spoki za waya. Mwaka uliofuata James Starley wa Coventry, aliyekuwa mtengenezaji wa cherehani kabla ya kuingia kwenye baiskeli, akatoa lake kwenye baiskeli iliyoitwa Ariel, na mwaka 1874 akaandikisha mtindo ambao bado tunao: spoki hazitoki katikati ya habu kwenda ringi moja kwa moja, bali zinakwenda upande upande na kupishana kwa misalaba. Sababu ni pedali. Unapokanyaga, habu inataka kuzunguka kabla ya ringi, na spoki zilizonyooka tu kutoka katikati zingekunjwa kwenye mizizi kila mara. Zile za misalaba zinavuta ringi na kuiburuta iende. Fundi wa Ngamiani anayesuka gurudumu leo, spoki ipite juu ya mbili na chini ya moja, anafuata mkono wa Starley hata kama jina lake hajapata kulisikia.

Wako walioamua kuachana na spoki kabisa. Kule Goma, mashariki mwa Kongo, chukudu, chombo cha mbao kisicho na pedali, inabeba viazi na kuni kwa magurudumu ya mbao yaliyofungwa raba za matairi chakavu, na haina hata waya mmoja wa kukatika. Ni chombo cha heshima, kina hata sanamu yake mjini. Lakini ni kizito, na ukifika kwenye mlima unakisukuma. Anayetaka wepesi wa baiskeli hana budi kuishi na spoki, na kuishi nazo maana yake ni kuzikaza.

Kwa nini zikilegea zinakatika? Hapa ndipo wengi wanapotea, maana akili ya kawaida inasema kilicholegea hakiumii. Mhandisi wa Marekani, Jobst Brandt, alilieleza jambo hili katika kitabu chake The Bicycle Wheel cha mwaka 1981. Hesabu zake zilionyesha kuwa ukipanda baiskeli, spoki za juu karibu hazibadiliki. Zinazobadilika ni zile chache za chini, zilizo jirani na ardhi: mkazo wake unapungua, kisha zikishapita chini unarudi. Kila spoki inapokezana zamu hiyo mara moja katika kila mzunguko. Tairi la inchi 28 likizunguka mara moja linakwenda kama mita 2 na robo, hivyo kilomita moja ni zamu takriban 450. Mchuuzi wa samaki anayetembea kilomita 20 kwa siku anaipa kila spoki zamu 9,000. Akifanya kazi siku 300 za mwaka, ni zamu milioni mbili na laki saba.

Chuma kinachoka. Kila aliyewahi kukata waya bila koleo anaujua uchovu huo: unakunja, unakunjua, unakunja, mara unabaki na vipande viwili mkononi. Spoki iliyokazwa vya kutosha hupungukiwa na mkazo kidogo inapopita chini, lakini haifiki sifuri, kwa hiyo kiwiko chake kimekaa imara ndani ya tundu la habu. Iliyolegea inafika sifuri. Inacheza ndani ya tundu, kiwiko kinajikunja na kujikunjua, na nati yake kule kwenye ringi, ambayo sasa haina kinachoibana, inajifungua yenyewe taratibu. Ikijifungua, spoki inalegea zaidi. Jirani zake wanabeba zamu yake juu ya zamu zao. Siku moja, barabara ikiwa nzuri na mzigo mdogo, moja inalia "tang!" na mwendeshaji anashangaa.

Ndiyo maana ningependa kila mtu akiikuta spoki imekatika aitazame imekatikia wapi kabla ya kuitupa. Ikiwa imekatika kwenye kiwiko, pale inapoingia kwenye habu, au kwenye hesi inapoingia kwenye nati, karibu daima huo ni uchovu. Ikiwa imekatika au kupinda katikati, kuna kilichoipiga: fimbo, mguu, mnyororo wa gia, au kufuli iliyosahauliwa. Na zikikatika kwenye kiwiko mbili au tatu ndani ya muda mfupi katika gurudumu moja, usiendelee kununua moja moja. Zilizobaki zina umri ule ule na zimefanya zamu zile zile. Gurudumu lisukwe upya kwa spoki mpya zote. Habu na ringi zikiwa nzima, hakuna sababu ya kuzitupa.

Dalili ya ulegevu haihitaji mtambo. Zishike spoki mbili zinazoelekea upande mmoja, uzibane kwa kiganja. Zikikaribiana kwa urahisi, zimelegea. Au zipige moja moja kwa ukucha au kwa ncha ya bisibisi na usikilize. Zilizokazwa hutoa mlio wa juu unaofanana. Iliyolegea inatoa sauti butu, na iliyokazwa kupita wenzake inapiga kelele. Katika gurudumu la nyuma lenye gia, za upande wa gia zitalia juu kuliko za upande wa pili, hilo si kosa. Linganisha za upande mmoja zenyewe kwa zenyewe. Kazi hii inamalizika kabla chai haijapoa, na mtoto wa darasa la nne anaiweza.

Kuna jambo linaloziponza hasa zile baiskeli nyeusi. Baiskeli nyingi za kisasa zina breki zinazobana ringi ubavuni, hivyo ringi ikianza kuyumba kidogo inagusa raba za breki, inasugua, na mwenyewe anasikia. Zile zenye breki za vyuma virefu vinavyoshuka kutoka kwenye usukani hazibani ubavuni. Raba zake zinavutwa juu kubana ringi kwa ndani, upande unaotazama habu. Ringi inaweza kuyumba kushoto na kulia bila kugusa chochote, mpaka ifike siku tairi linasugua fremu. Hapo tayari nusu ya spoki zimelegea. Basi mwenye breki za namna hiyo asingoje kusikia. Ainue gurudumu, alizungushe, na atazame kwa jicho nafasi kati ya tairi na fremu.

Sasa kukaza kwenyewe. Mafundi wetu wengi wanajua kunyoosha ringi, ila wengi wana tabia moja isiyofaa: wanakaza tu, hawalegezi. Ringi ikiwa imekwenda kushoto, wanakaza spoki za kulia mpaka irudi. Inarudi kweli, lakini pale ilipokazwa imevutwa pia kuelekea kwenye habu, na gurudumu linapoteza duara. Likizunguka linaruka, na kila linaporuka linazigonga spoki zile zile. Njia iliyo sawa ni kukaza za upande mmoja na kulegeza za upande wa pili kwa kiasi hicho hicho, robo mzunguko kwa robo mzunguko. Nati ikizungushwa duru moja kamili inasogea chini ya nusu milimita, nayo inatosha kuisogeza ringi mahali unapopaona. Anayezungusha duru mbili kwa mkupuo hafanyi ufundi, anabahatisha.

Kwa wanaotaka kujaribu wenyewe nyumbani: nunua spana ndogo ya spoki inayolingana na nati zako, maana koleo huzila pembe mpaka zinakuwa duara na hazishikiki tena. Pindua baiskeli isimamie tandiko na usukani. Tia tone la mafuta pale spoki inapoingia kwenye nati, na jingine pale nati inapopita kwenye ringi, uache yapenye. Shika kipande cha chaki ukikiegemeza kwenye fremu, zungusha gurudumu, na chaki itaweka alama penye kuyumba. Kuhusu mwelekeo, ukitazama kutoka upande wa tairi kuelekea habu, nati inakaza ikigeuka kama mshale wa saa. Ukitazama kutoka upande wa habu ni kinyume chake. Wengi wamelegeza gurudumu zima wakidhani wanalikaza. Ukimaliza, zishike spoki jozi jozi kwa mikono yote miwili uzibane kwa nguvu, uzunguke gurudumu lote, halafu upime tena. Hatua hiyo ya mwisho inarukwa na karibu kila mtu, na ndiyo inayozikalisha spoki mahali pake. Isipofanyika, safari ya kwanza utazisikia zikilia "ping, ping" zikijikalisha zenyewe, na kunyooka kote kumepotea.

Kama umekaza sana na ncha ya spoki ikachomoza juu ya nati kwa ndani, ipige tupa, kisha uzungushie ringi utepe uliokatwa kwenye mpira wa ndani uliochakaa. Pancha nyingi zinazosemwa ni za miiba zinatoka ndani.

Ipo pia desturi ya kufunga waya mwembamba pale spoki zinapopishana, kwa imani kwamba gurudumu linapata nguvu. Brandt aliipima desturi hiyo, wakati huo ikifanywa kwa kufunga na kutia risasi, akaona haiongezi nguvu ya kutajika. Faida yake ni moja: spoki ikikatika haichapi huku na huku. Sioni ubaya kwa anayependa, mradi asiifanye badala ya kukaza.

Nimeahidi kuyataja makosa ya mzigo, na kosa lake kubwa si uzito. Ni kukaa upande. Gurudumu lililowambwa vizuri lina nguvu ya ajabu kutoka juu kwenda chini, ila ubavuni ni dhaifu, kwa sababu habu ni nyembamba na spoki zinatoka karibu wima. Mtazame muuza madafu. Asubuhi anaondoka amepanga sawa kulia na kushoto. Wateja wanakuja, na kwa kuwa anasimamisha baiskeli upande ule ule kila kituo, anauza ya upande mmoja kwanza. Dafu moja laweza kufika kilo mbili. Kufikia adhuhuri upande wa kulia una madafu kumi zaidi ya wa kushoto, na baiskeli yote inaendeshwa imeinama. Mzigo ule ule ungegawanywa upya baada ya kila wateja watatu, usingemdhuru. Ndivyo ilivyo pia kwa ndoo ya maji iliyoning'inizwa upande mmoja, kwa abiria anayekaa kiupande na kurukia keria badala ya kukalia taratibu, na kwa gunia linalofungwa kwa kamba ya mpira iliyochoka kiasi kwamba kwenye kona linahama. Mzigo ufungwe chini kadiri inavyowezekana, katikati, na usicheze.

Baiskeli yenye mzigo nayo isilazwe chini ubavuni. Isimamishwe kwa stendi ya miguu miwili au kwa ule mti wenye panda ambao wabeba mkaa husafiri nao, kifaa cha bure na cha akili sana. Ikipakiwa kwenye lori au buti ya basi, dai iwekwe juu ya mizigo. Ringi nyingi zilizopinda kama chapati hazikupindia barabarani.

Upepo ni nusu ya uhai wa ringi. Tairi lenye upepo mdogo likigonga ukingo wa shimo, linabonyea mpaka ringi inagonga jiwe moja kwa moja, mpira wa ndani unabanwa na kutoboka matundu mawili sambamba, na ringi inapata bonde. Spoki za hapo zinalegea siku hiyo hiyo. Watu wengi wa pwani wanaacha upepo kidogo kwa makusudi, wakiogopa kuwa jua litalipasua tairi. Hofu hiyo imezidi kipimo. Joto likipanda kwa nyuzi 25, kutoka kivuli cha asubuhi hadi lami ya saa nane, msukumo wa upepo ndani unaongezeka kwa takriban sehemu moja ya kumi tu. Tairi zima linavumilia hilo bila shida. Linalopasuka ni lile lililochakaa ubavuni, au lililovalishwa vibaya kwenye ringi. Soma kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi, jaza kukikaribia, na siku ya mzigo usipunguze. Penye reli, vuka ukiwa umeielekea wima. Penye shimo usiloweza kukwepa, achia breki kabla hujalifikia na unyanyuke kwenye tandiko. Uzito wako ukibaki miguuni, gurudumu la nyuma linapata nafuu kubwa.

Chumvi haina haraka lakini haisamehi. Spoki nyingi za bei nafuu ni chuma kilichopakwa zinki, na zinki ikishaliwa kutu inaingia kwenye hesi, nati inagandamana na spoki, na siku ya kukaza spoki inajisokota badala ya nati kuzunguka. Kwa wachuuzi wa samaki hali ni mbaya zaidi, maana tenga linachuruzika maji ya barafu na chumvi juu ya gurudumu la nyuma kutwa nzima. Kipande cha plastiki au turubai chini ya tenga, kinachoyapeleka maji kando ya gurudumu, kingeokoa pesa nyingi. Jioni limwagie gurudumu maji baridi ya bomba, likaushe kwa kitambaa, na mara moja moja lipake spoki mafuta kidogo kwa kitambaa. Usiache mafuta yafike ringi mahali breki inaposhika. Vile vishanga na mirija ya rangi wanayovalisha vijana kwenye spoki vinapendeza, sikatai, ila chini yake ndipo maji ya chumvi yanapojificha.

Wenye baiskeli za mtumba zenye gia nyingi wana adui wao: mnyororo kuruka gia kubwa ya mwisho na kuzama kati ya gia na spoki. Unazikwangua zote za upande huo kwa sekunde moja. Kwenye kibadilisha gia cha nyuma kuna skrubu mbili ndogo, na moja kati yake ndiyo inayokizuia kisivuke mpaka. Fundi airekebishe, na kibadilisha gia kikishapigwa au kupinda, asiruhusu mtu kupanda baiskeli mpaka kikaguliwe.

Kisha kuna uharibifu ambao ringi si kitu ndani yake. Mtoto aliyepakiwa nyuma bila pa kuweka miguu huining'iniza, na kisigino kikiingia kati ya spoki na fremu, gurudumu linakivuta. Madaktari wanayajua majeraha haya katika kila nchi yenye baiskeli nyingi. Hatari yake ni kwamba mara nyingi siku ya kwanza jeraha linaonekana dogo, kumbe ngozi na nyama vimesagwa kwa ndani, na baada ya siku chache ngozi inakuwa nyeusi na kufa. Mtoto wa namna hiyo apelekwe hospitali siku ile ile hata kama anatembea. Kinga yake ni rahisi: vyuma viwili vya kukanyagia vinavyofungwa kwenye ekseli ya nyuma, kama walivyo navyo waendesha daladala za baiskeli wa Shinyanga, na kizuizi cha plastiki au wavu kinachofunika nusu ya juu ya gurudumu. Kizuizi hicho hicho kinazuia kanga, buibui na ncha ya kanzu.

Kufuli nayo. Ukipitisha mnyororo wa kufuli katikati ya spoki, funga kitambaa chekundu kwenye usukani kikukumbushe. Anayeondoka kwa haraka na kufuli ikiwa bado ndani anaweza kukata spoki tatu kabla hajakaa sawa.

Kwenye kununua spoki, nenda na ya zamani mkononi, ya gurudumu lile lile na upande ule ule, upime kuanzia ndani ya kiwiko mpaka mwisho wa hesi. Tofauti ya milimita tatu inatosha kuiharibu kazi. Kwa unene, namba 14 ni milimita 2, namba 13 ni nene zaidi, milimita 2.3, inafaa gurudumu la nyuma la wabeba mizigo ikiwa matundu ya habu yanairuhusu, na nati zake ni zake. Nati ya namba moja kwenye spoki ya namba nyingine itashika leo na kuchomoka kesho. Nunua mbili za akiba uzifunge kwenye fremu kwa mpira. Na baiskeli mpya iliyotoka kwenye boksi ikaguliwe spoki zote baada ya wiki ya kwanza, kwa kuwa spoki mpya hulegea zikijikalisha, na nyingi zinaunganishwa haraka haraka dukani.

Linabaki suala la malipo, nalo naliona ndilo chanzo cha ugonjwa wote. Sisi wateja tumezoea kumlipa fundi kwa kila spoki aliyobadilisha. Akikaza arobaini asibadilishe hata moja, tunamuuliza pesa ya nini wakati hajaweka kitu kipya. Kwa utaratibu huo fundi mwenye njaa ana sababu gani ya kukaza? Spoki ikatike, arudi mteja. Mtu hawezi kulaumiwa kwa kufanya kile tu anacholipwa.

Kwa hiyo ukienda kwa fundi safari ijayo, usimwambie, "Fundi, niwekee hii moja." Mwambie azipige zote, azisikilize, anyooshe gurudumu kwa kukaza na kulegeza, kisha umlipe kwa muda wake hata kama hakutumia spoki hata moja. Fanya hivyo kila baada ya miezi miwili ikiwa unabeba mizigo, na mara mbili kwa mwaka ikiwa unaendea kazini tu.